UZI: Melatonini na usingizi: kipimo, saa ya kumeza, na kwa nini wengi wanasema "haifanyi kazi"

#1 Mfamasia_Kirumba

Wakuu, maswali ya melatonini yametapakaa humu, kila mtu na uzi wake. Tuyakusanye hapa. Wenye utaalamu wa zamu za usiku, uuguzi na saikolojia karibuni mnisahihishe.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe. Melatonini ni homoni inayotolewa na tezi pinea, tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo, giza linapoingia. Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitenga mwaka 1958 kutoka kwenye tezi za ng'ombe. Wala hawakuwa wakitafuta usingizi. Lerner alikuwa daktari wa ngozi, na kilichomvutia ni kwamba dutu hiyo iliifanya ngozi ya chura iwe nyeupe. Mwilini mwetu kazi yake ni ya mpiga mbiu: inatangaza kwamba usiku umeingia. Kulala unalala mwenyewe. Anayeingojea imwangushe kama diazepam (dawa kali ya kutuliza) atakaa macho, ataongeza kidonge cha pili, cha tatu, halafu asubuhi anaamka na kichwa kizito akisema dawa ni feki.

Mwili huanza kuimwaga muda wa saa mbili hivi kabla ya usingizi wako wa kawaida. Unayelala saa 4 usiku, inaanza kupanda kama saa 2. Mwanga mkali wa jioni huichelewesha, hasa mwanga wenye ubuluu wa taa za LED na simu. Na hapa Mwanza tuna bahati moja: tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, jua linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, mwaka mzima. Hatuna zile jioni za Ulaya za mwezi Juni ambazo saa 4 usiku bado kweupe. Kwa hiyo saa ya mwili (mpangilio wa ndani wa kulala na kuamka) ya mtu wa hapa ikiharibika, tafuta taa, simu au kazi ya usiku. Majira hayahusiki.

Kipimo: anza na nusu miligramu hadi 1. Ukikosa nafuu baada ya siku 4 au 5, panda hadi 2, kisha 3. Juu ya 5 kwa mtu mzima asiye na maelekezo ya daktari ni kupoteza hela. Kidonge cha kawaida kikimezwa, ini hula sehemu kubwa kabla haijafika kwenye damu. Kinachopita ni kama asilimia 15, na kinatofautiana sana mtu na mtu. Kilichopita hupungua nusu kwa chini ya saa moja. Ndiyo maana inasaidia zaidi kuanza usingizi kuliko kuushikilia hadi alfajiri.

Madukani utakuta zaidi vya miligramu 3, 5 na 10. Kidonge cha 3 ukikigawa mara mbili unapata 1.5, mara nne unapata kama 0.75. Tumia kikata vidonge, au wembe mpya juu ya sahani kavu. ISIPOKUWA vile vilivyoandikwa kwamba vinatoa dawa polepole. Hivyo vinamezwa vizima. Ukikata au kutafuna, dawa ya usiku mzima inatoka kwa mkupuo.

Saa ya kumeza inategemea unataka nini, na hapa ndipo wengi wanapokosea:

Ukitaka kusaidiwa kupata usingizi, meza dakika 30 hadi 60 kabla ya kulala.

Ukitaka kuirudisha mapema saa ya mwili iliyochelewa, meza mapema zaidi na kipimo kiwe kidogo. Mfano: mwanafunzi anayesinzia saa 8 usiku na anataka alale saa 5. Huyo ameze nusu miligramu saa 4 usiku, simu pembeni, na asubuhi aamke kwa saa ileile kila siku, Jumapili pia, atoke nje juani. Akimeza saa 8 usiku, wakati ambao tayari anasinzia, hajasogeza chochote.

#2 MachingaMakoroboi

Mkuu, hizi za miligramu 10 zinazoletwa na watu kutoka Marekani si ndiyo kali zaidi? Kopo ni vidonge 120, bei poa.

#3 Mfamasia_Kirumba

Kali kwenye lebo. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1994, melatonini inauzwa kama kirutubisho, haipiti mlango wa dawa. Uingereza inatolewa kwa cheti cha daktari. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mnunuzi. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini: nyingine ilikuwa na pungufu ya asilimia 83 ya kilichoandikwa, nyingine imezidi kwa asilimia 478. Nane kati ya hizo zilikutwa na serotonini, kemikali nyingine ya mwili, ambayo haikuandikwa popote. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani wakapima zile za kutafuna kama jeli, aina 25, na 22 lebo zake hazikuwa sahihi.

Sasa wewe unayekata robo ya kidonge cha 10 kwa uangalifu, hujui robo hiyo ni ngapi. Nunua kwenye famasia yenye mfamasia, kopo lenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na ukipata chapa inayokufaa baki nayo. Kuruka chapa hadi chapa ni kubadili kipimo bila kujua.

#4 Mzee wa Bwiru

Watu wasidanganyane na matarajio. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikusanya majaribio 19, watu 1,683. Waliomeza melatonini walipata usingizi mapema kwa wastani wa dakika 7 kuliko waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, na wakalala zaidi kwa dakika 8. Ndiyo hizo, dakika. Kwa mtu asiyepata hata lepe la usingizi kwa miezi, dakika 7 ni nini? Madaktari wa usingizi wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2017 walipendekeza isitumike kutibu tatizo sugu la kukosa usingizi kwa watu wazima.

#5 Mfamasia_Kirumba

Kweli kabisa mzee wangu, na wastani huo unachanganya watu wa aina zote. Inapong'ara ni pale tatizo lilipo kwenye saa ya mwili: kijana aliyechelewesha usingizi, msafiri wa mbali, mtu asiyeona kabisa ambaye jua halimpangii siku. Kuna pia kidonge cha miligramu 2 cha kutoa dawa polepole kilichoidhinishwa Ulaya mwaka 2007 kwa wenye miaka 55 na zaidi, kwa sababu tezi hupunguza uzalishaji umri unapokwenda. Hicho kinamezwa baada ya kula, saa moja au mbili kabla ya kulala, na kwa muda usiozidi wiki 13.

#6 Kayenze Kwetu

Tugusie wavuvi wa dagaa na watu wa viwanda vya minofu ya samaki. Hawa wanakesha kwa kazi, hawana ugonjwa.

#7 Nesi wa Zamu

Hapa ndipo penye kazi. Nitagawanya.

MTU WA ZAMU YA USIKU (kiwandani, wodini, mlinzi). Anatoka saa 12 asubuhi, na jua la Mwanza linamkuta njiani. Mwanga huo wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili "kumekucha", hata ukiwa umekesha. Avae miwani ya jua akiwa abiria. Kama anaendesha pikipiki mwenyewe na ameshaanza kusinzia, miwani hiyo itamsinzisha zaidi, bora apande daladala. Melatonini asiimeze kazini wala njiani. Ameze miligramu 1 hadi 3 akiwa nyumbani, ameshaoga, mlango umefungwa, dakika 30 kabla ya kulala. Alenge kuwa kitandani saa 2 asubuhi.

Chumba sasa. Nyumba ya bati bila dari ikifika saa 5 ni tanuri, na hakuna kidonge kinachoshinda joto. Chagua chumba ambacho hakipigwi na jua la asubuhi, tundika blanketi zito juu ya pazia, ziba mwanga chini ya mlango kwa kanga iliyokunjwa, feni ielekee ukutani ikuletee hewa na kelele ya kufunika mashine ya kusaga na watoto. Vifunika masikio vya povu ni vya bei ndogo. Simu nje ya chumba, na waambie wa nyumbani saa ya kukuamsha, vinginevyo kila mgeni anakuja "kukusalimia tu".

Alale hadi saa 8 mchana. Akiweza, saa 10 jioni alale tena saa moja na nusu kabla ya zamu. Chai, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa 8 usiku, kwa sababu nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano baadaye. Soma ubavuni mwa kopo: ikiandikwa miligramu 32 kwa mililita 100, kopo la 250 lina 80. Makopo mawili alfajiri, halafu unalaumu melatonini.

Faida yake? Mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba) ya mwaka 2014 yalikuta wafanyakazi wa usiku waliomeza melatonini walilala mchana zaidi kwa dakika 24 hivi. Kupata usingizi haraka haikuonekana kusaidia. Kwa hiyo giza la chumba kwanza, kidonge baadaye.

MVUVI WA DAGAA. Huyu ratiba yake inapangwa na mwezi. Usiku wa giza anatoka na taa, mbalamwezi ikiwa kali anapumzika kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Kila mwezi mwili wake unageuzwa na kurudishwa. Kosa kubwa ni kumeza ziwani ili "apate kausingizi kidogo" wavu ukiwa majini. Usithubutu. Kusinzia, kizunguzungu na mikono mizito ndani ya mtumbwi usiku ni kifo. Wala usimpunguzie mvuvi mwanga akiwa kazini, anauhitaji aone kamba na maji.

Anaporudi kulala usiku mbalamwezi ikiingia, afanye hivi: asubuhi ya mwisho alale saa 4 tu, aamke saa sita mchana hata kama mwili unamkatalia. Asilale tena mchana. Saa 2 na nusu usiku ameze nusu miligramu au 1, alale saa 3 na nusu. Asubuhi ya kesho akae nje mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, tangu jua lichomoze. Siku 2 au 3 zinatosha, halafu aache vidonge.

#8 Kayenze Kwetu

Hapo kwenye "alale saa 4 tu" watu wa mialo watasoma ni saa nne ya ukutani 😂

#9 Nesi wa Zamu

Haha, sahihi. Ni MUDA wa saa nne. Saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana.

#10 Bint Nansio

Naomba orodha ya dawa zisizopatana nayo. Wengi wanachanganya bila kumwambia mfamasia.

#11 Mfamasia_Kirumba

Melatonini inavunjwa kwenye ini na kimeng'enya kiitwacho CYP1A2. Chochote kinachokizuia kimeng'enya hicho kinaifanya dawa ikae juu, chochote kinachokichochea kinaiyeyusha mapema.

Siprofloksasini, ile antibayotiki ya UTI na homa ya matumbo ambayo watu wanaimeza kama karanga, inakizuia. Inaongeza melatonini NA kafeini kwa pamoja, kwa hiyo mtu anakosa usingizi usiku na anazubaa asubuhi. Subiri umalize dozi. Vidonge vya uzazi wa mpango pia huipandisha, anza na nusu miligramu. Sigara huishusha. Rifampisini ya TB huishusha vilevile.

Walio kwenye warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) wasiiguse bila daktari, hatari ya kutoka damu. Wenye kifafa, waliopandikizwa kiungo na wanaotumia dawa za kupunguza kinga, hali kadhalika. Nifedipini ya presha: kuna jaribio ambalo presha ilipanda baada ya kuongezewa melatonini. Wajawazito na wanaonyonyesha waiache, usalama wake kwao haujathibitishwa. Pombe inaipunguzia nguvu na inauvunja usingizi wenyewe katikati.

Lakini kabla ya hayo yote, kagua kama dawa unazokunywa ndizo zinazokukesha. Hili linasahaulika mno:

Dolutegravir, iliyo ndani ya kidonge kimoja cha ARV, humnyima usingizi mtu mmoja mmoja. Mara nyingi kuihamishia asubuhi kunatosha. Ongea na kliniki yako, USIACHE dawa.

Prednisoloni, ile dawa ya kupunguza uvimbe, imezwe asubuhi baada ya kula. Ukiimeza jioni utahesabu mabati.

Furosemidi (dawa ya kukojoza maji) ya jioni inakupeleka chooni usiku kucha.

Atenololi na dawa za presha za jamii yake hupunguza melatonini ya mwili wenyewe usiku. Hapa ndipo nyongeza ina mantiki: jaribio dogo la mwaka 2012 liliwapa wagonjwa wa presha wanaotumia atenololi au metoprololi miligramu 2.5 kila usiku kwa wiki 3, na usingizi wao ukaboreka kuliko wa waliopewa kidonge kitupu. Muulize daktari wako.

#12 MachingaMakoroboi

Mbona wengine wanasema maziwa ya moto yana melatonini, hakuna haja ya kununua?

#13 Mzee wa Bwiru

Yanayo, maelfu ya mara chini ya kidonge. Kunywa maziwa yako kwa raha zako.

#14 Bint Nansio

Na watoto? Kuna mama anauliza, mtoto wa miaka 5 halali hadi saa 5 usiku.

#15 Nesi wa Zamu

Hapana, bila daktari wa watoto usimpe. Mtoto wa miaka 5 anayelala saa 5 usiku mara nyingi amelala mchana hadi saa 11 jioni au ana simu ya baba mkononi. Ondoa hivyo viwili kwa wiki 2. Na zile za jeli zenye rangi usiziweke mezani: kwa mtoto hizo ni pipi. Marekani taarifa za watoto kumeza melatonini zilipanda kwa asilimia 530 kati ya 2012 na 2021, wengi wakijiokotea nyumbani.

#16 MachingaMakoroboi

Swali la mwisho langu. Wanaokwenda Guangzhou kufunga mzigo wanafika wamechoka, siku 3 hawaelewi. Wameze lini?

#17 Mfamasia_Kirumba

Swali zuri, maana safari ndiyo sehemu ambayo ushahidi wa melatonini ni mzuri kuliko kwingine kote, hasa ukivuka kanda tano za saa au zaidi kwenda mashariki. Uchina iko mbele yetu kwa saa tano. Ikiwa saa 5 usiku kule, mwili wako unasema ni saa 12 jioni, hauna mpango wa kulala.

Usimeze kwenye ndege kwa kubahatisha. Usiku wa kwanza ukifika, meza miligramu 0.5 hadi 3 saa 4 na nusu usiku ya kule, ulale saa 5. Rudia kwa siku 4. Asubuhi ya kwanza usitoke juani kabla ya saa 3, kwa sababu mwili bado unadhani ni usiku wa manane na mwanga huo utakusogeza upande usiotakiwa. Baada ya saa 4 asubuhi tembea nje, usibaki hotelini. Kila siku sogeza saa hiyo ya kutoka nje mapema kwa saa moja. Biashara ya hela nyingi ifanye siku ya tatu, si ya kwanza. Ukirudi Mwanza utasinzia jioni na kuamka saa 8 usiku: kidonge hakihitajiki, kaa kwenye mwanga hadi saa 3 usiku.

Dubai ni saa moja tu mbele. Msimeze kitu.

#18 Mzee wa Bwiru

Nilisema dakika 7 ni chache, sasa niweke kinachozidi. Tatizo la kukosa usingizi lililopita miezi 3, tiba inayopewa nafasi ya kwanza duniani haina kidonge. Inahitaji daftari.

Wiki 2 andika kila asubuhi: ulipanda kitandani saa ngapi, ulilala kama muda gani, uliamka saa ngapi. Tuseme unakaa kitandani saa nane na nusu lakini unalala tano na nusu tu, zilizobaki ni mang'amung'amu. Basi jipe kitanda kwa muda huo unaolala kweli. Kuamka saa 12 asubuhi, kupanda saa 6 na nusu usiku. Usishuke chini ya saa tano. Ukiwa kitandani na usingizi hauji kwa dakika 20 hivi, toka, kaa kitini kwenye taa hafifu, rudi ukisinzia. Kitandani si mahali pa kula, kuhesabu madeni wala WhatsApp.

Kila wiki piga hesabu: muda uliolala gawanya kwa muda uliokaa kitandani, zidisha kwa 100. Ikifika 85, ongeza dakika 15 kwa kupanda mapema. Ikiwa chini ya 80, punguza 15. Wiki ya kwanza na ya pili utachoka kweli, na hapo ndipo wengi wanakimbia. Madereva wa mabasi na malori, wenye kifafa na wenye baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka mno) wasifanye bila msimamizi, uchovu huo ni hatari kwao.

#19 Nesi wa Zamu

Naongeza: anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, halafu mchana anasinzia hata akiongea, aende hospitali apimwe. Anayeamka saa 10 alfajiri kila siku na huzuni nzito, pia. Mzee anayeamka mara nne kukojoa, apime sukari na tezi dume. Melatonini haitawagusa hawa.

#20 Bint Nansio

Kuiacha je, inaleta uraibu? Na ukiamka saa 9 usiku unaruhusiwa kuongeza kingine?

#21 Mfamasia_Kirumba

Uraibu kama wa diazepam hapana, unaiacha siku hiyohiyo bila kupunguza polepole. Kuongeza saa 9 usiku hapana: unaamka mzito, na melatonini ya karibu na asubuhi inaichelewesha saa ya mwili, kinyume cha ulichotaka. Jaribu wiki 2 kwa kipimo kimoja na saa moja isiyobadilika. Isiposaidia, acha, usihamie ya 10.

Ikikuletea kichwa kuuma, kichefuchefu au kizunguzungu, punguza kwa nusu. Madhara mazito mwambie mfamasia akujazie taarifa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na kopo lihifadhi kabatini, mahali pakavu, chini ya nyuzi 25. Si juu ya friji, si dirishani, na si kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani pale Buzuruga, hapa Mwanza.